Kumtafuta na Kuwasiliana na Mtu Anayeshikiliwa katika Jela ya Jiji nchini Marekani

Polisi wa jiji lolote la Marekani wanapomkamata mtu, ndugu na marafiki zake huanza kwa kuuliza yuko wapi. Ni swali la haki, lakini mara nyingi halipati jibu, kwa sababu katika siku mbili tatu za mwanzo mtu huyo anaweza kupita mikononi mwa ofisi kadhaa, na kila ofisi ina orodha yake, simu yake na taratibu zake. Swali lenye manufaa zaidi ni hili: kwa saa hii, ni mamlaka ipi inayomshikilia? Anayelijua jibu lake amekwisha kumaliza nusu ya kazi. Asiyelijua anaweza kushinda siku nzima akiwapigia simu watu wasiohusika, nao watamjibu, bila kusema uongo, kwamba hawamjui mtu huyo.

Chanzo cha mkanganyiko ni muundo wa nchi yenyewe. Marekani haina jeshi moja la polisi wala idara moja ya magereza. Jela za ngazi ya jiji na kaunti ni takriban 3,000, na hakuna orodha moja ya taifa inayozijumuisha zote. Jela ya jiji huwa chini ya polisi wa jiji au idara maalumu ya jiji hilo. Jela ya kaunti huwa chini ya sherifu, yaani mkuu wa usalama wa kaunti, ambaye katika kaunti nyingi huchaguliwa kwa kura. Watu wengi wanaokaa katika jela hizi mbili hawajahukumiwa bado. Wanasubiri kesi, na waliobaki kwa kawaida wanatumikia vifungo visivyozidi mwaka mmoja. Waliohukumiwa vifungo virefu hupelekwa katika magereza ya jimbo, na wenye makosa ya shirikisho, yaani ya sheria za serikali kuu ya nchi, katika magereza ya serikali hiyo. Pembeni kabisa kuna vituo vya shirika la uhamiaji, ICE, ambavyo vina sheria zake, na kesi za wanaoshikiliwa humo husikilizwa katika mahakama za uhamiaji.

Jela ya jiji, pale ilipo, aghalabu ni mahali pa kupita tu. Mtu huandikishwa hapo, hukaa saa chache au siku chache, kisha huachiwa au huhamishiwa kaunti. Miji mingi imeacha kabisa kuendesha jela zake. Huko Houston, jiji na Kaunti ya Harris waliunganisha shughuli ya kuwapokea waliokamatwa katika kituo kimoja kilichofunguliwa mwaka 2019, kwa hiyo anayekamatwa na polisi wa jiji hutafutwa katika orodha ya kaunti. New York ni kinyume chake: jela zote za jiji, zikiwemo zile za kisiwa cha Rikers, zinaendeshwa na idara ya jiji, na hakuna sherifu wa kaunti wa kuulizwa. Atlanta ina kituo chake cha jiji, na Kaunti ya Fulton ina jela yake katika jiji hilo hilo. Katika jimbo la Virginia, majiji yote yako nje ya kaunti kisheria, na mengi yana masherifu wao wenyewe. Na katika majimbo 6, yaani Alaska, Connecticut, Delaware, Hawaii, Rhode Island na Vermont, jela na magereza huendeshwa kwa pamoja na serikali ya jimbo, hivyo orodha ya kutafuta ni ya jimbo zima. Ushauri wa mtu aliyewahi kumtafuta ndugu yake New York unaweza basi kumpotosha kabisa anayetafuta Texas.

Kwa sababu hiyo, utafutaji uanzie mahali pa tukio. Mtu alikamatwa mtaa gani, katika jiji gani, na jiji hilo liko katika kaunti gani? Anwani ya nyumbani kwake haisaidii sana, kwa kuwa mtu hushikiliwa kule alikokamatiwa. Jiji la Dallas, kwa mfano, limesambaa katika Kaunti ya Dallas na pia limeingia katika kaunti za jirani kama Collin na Denton, na kilomita chache tu za barabara zinaweza kubadilisha jela anayopelekwa mtu. Kama kuna shahidi, aulizwe pia rangi ya gari la polisi na maandishi yaliyokuwa ubavuni. Polisi wa jiji, askari wa sherifu, polisi wa barabara kuu wa jimbo na polisi wa chuo kikuu ni vyombo tofauti, na chombo kilichomkamata mtu ndicho kinachojua kilimkabidhi kwa nani.

Jambo la pili ni muda. Jina haliingii katika orodha pale pingu zinapofungwa. Huingia baada ya mtu kuandikishwa, yaani baada ya kuchukuliwa alama za vidole na picha, kuulizwa maswali ya afya na kuorodheshwa vitu vyake. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa nyingi, hasa usiku wa mwisho wa wiki au mtu anapokuwa mgonjwa au amelewa. Ukitafuta saa mbili baada ya tukio na usione kitu, usihitimishe kwamba hayupo. Subiri kidogo, tafuta tena. Mtu aliyekamatwa bila hati ya mahakama ana ulinzi mmoja muhimu: kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1991, hakimu anatakiwa, kwa kawaida ndani ya saa 48, kuthibitisha kama palikuwa na sababu ya kutosha ya kumkamata. Mashauri hayo huacha kumbukumbu mahakamani, na ndiyo maana orodha ya kesi za siku ya mahakama ya jiji au kaunti inaweza kumtoa mtu ambaye orodha ya jela imemficha.

Kuhusu jina kunahitajika uangalifu zaidi, maana hapa ndipo familia za Waswahili na majirani zao wa Afrika Mashariki na Kati hukwama kuliko wengine. Mifumo ya jela inataka jina la kwanza na jina la ukoo, lakini wengi wetu tuna jina letu, la baba na la babu, na karani anaweza kuchukua lolote kati ya hayo kuwa la ukoo. Mohamed huandikwa Mohammed, Muhammad au Mohamud kutegemea sikio la aliyeandika. Mtu ambaye hati zake za safari zilikuwa na jina moja tu anaweza kuonekana katika nyaraka za Marekani akiwa na herufi FNU mahali pa jina la kwanza, kwa maana kwamba jina la kwanza halijulikani, na herufi hizo zikahamia hadi katika orodha ya jela. Tarehe ya kuzaliwa nayo haimtofautishi mtu kila mara, kwa sababu wakimbizi wengi ambao tarehe zao hazikujulikana waliandikiwa tarehe 1 Januari. Katika jiji lenye jamii kubwa ya wakimbizi, utakuta watu wawili wenye majina yanayofanana na tarehe hiyo hiyo.

Njia ya kuaminika ni kuanza na herufi chache. Mifumo mingi inakubali herufi tatu au nne za mwanzo wa jina la ukoo. Andika hizo, kisha soma majina yote yanayojitokeza. Geuza mpangilio wa majina, jaribu jina la babu, ondoa kistari. Ukimpata, nakili kila kitu kilichoandikwa pale: tahajia ya jina kama wao walivyoiandika, namba aliyopewa wakati wa kuandikishwa, mashitaka, kiasi cha dhamana na tarehe ya kufika mahakamani. Kuanzia hapo namba hiyo ndiyo kitambulisho chake, nayo itahitajika kwenye bahasha ya barua, kwenye akaunti ya simu, kwa wakili na mlangoni siku ya kumtembelea.

Ukishindwa kwenye mtandao, piga simu jela au makao ya polisi kwa namba ya kawaida ya ofisi. Namba ya dharura, 911, si ya maswali haya. Uliza kwa mpangilio: je, yuko kwenu? Ameandikishwa kwa tahajia gani na namba gani? Ana dhamana? Kuna ofisi nyingine iliyoomba azuiwe? Atafikishwa mahakama gani, lini? Andika jina la aliyekujibu na saa. Kama Kiingereza kinakupa shida, omba mkalimani wa Kiswahili bila kuona haya, kwa sababu vyombo vinavyopokea fedha za serikali kuu vinabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 kutowabagua watu kwa asili yao ya kitaifa, na wajibu wa kuwahudumia wasiojua Kiingereza unatokana na hapo. Wengi hawalitumii jambo hili, wakaishia kumtuma mtoto wa shule kuulizia habari nzito za mzazi wake. Mtoto asipewe mzigo huo.

Kutoonekana kabisa kuna sababu zake. Aliye chini ya miaka 18 kwa kawaida hawekwi katika orodha ya wazi, na mzazi anapaswa kupiga simu kituo cha watoto cha kaunti. Aliyeumia au kuugua anaweza kuwa hospitalini akiwa chini ya ulinzi, na hospitali nyingi hazitasema neno juu yake. Wengine huandikiwa hati ya kufika mahakamani na kuachiwa palepale, kumbe simu imeisha chaji. Upo pia mfumo uitwao VINE, ulioanzia Kentucky mwaka 1994 baada ya mwanamke mmoja kuuawa na mtu aliyeachiwa jela bila yeye kujulishwa. Ulibuniwa kuwalinda waathirika wa uhalifu, lakini mtu yeyote anaweza kuutumia kutafuta jina katika majimbo mengi na kuomba ataarifiwe mahabusu anapohamishwa au kuachiwa.

Sasa mawasiliano yenyewe. Huwezi kumpigia mahabusu. Yeye ndiye anayepiga. Wazo la kwamba kila aliyekamatwa ana haki ya simu moja limeenea kupitia filamu, ilhali Katiba ya Marekani haisemi hivyo na kila jimbo lina kanuni yake. California inatoa angalau simu tatu zinazopokelewa ndani ya saa tatu baada ya kukamatwa, na mzazi mwenye watoto wanaomtegemea anapewa mbili zaidi ili awapangie mtu wa kuwatunza. Lakini haki hiyo haina faida kwa mtu asiyekumbuka namba hata moja. Simu yake ya mkononi imefungiwa katika mfuko wa vitu vyake, na namba zote zimo humo. Ni vyema kila mwanafamilia akariri namba mbili za watu walioko Marekani, kwa kuwa simu za jela mara nyingi hazipigi nje ya nchi na WhatsApp haimo kabisa. Ndugu aliye Mombasa au Kigoma atahitaji mtu wa kati mwenye namba ya Marekani.

Mtu huyo wa kati apokee simu asizozijua. Atasikia sauti ya mashine ikitaja jina la jela na kumwambia abonyeze namba ili akubali, na wengi hukata wakidhani ni matapeli. Huduma hizi zinaendeshwa na kampuni za kibinafsi, ambazo kubwa zaidi ni Securus na ViaPath, na ukurasa wa jela husema ni ipi inayotumika ili mpokeaji afungue akaunti na kuweka fedha mapema. Gharama zimekuwa kilio cha miaka mingi. Januari 2023 ilitiwa saini sheria iliyoipa tume ya mawasiliano ya shirikisho uwezo wa kudhibiti pia bei za simu za ndani ya jimbo na za video, na New York na San Francisco zimekwisha kuzifanya simu za jela zao kuwa bure. Kwingineko uliza bei kabla ya kuweka pesa, kwa maana kuna makato pia ya kuweka pesa zenyewe.

Na simu ikishaunganishwa, lipo jambo moja ambalo ningependa kila familia ilishike kuliko mengine yote katika makala haya: simu hiyo inarekodiwa. Mwendesha mashitaka anaweza kuiomba, akaisikiliza, na kuitumia mahakamani. Kuzungumza kwa Kiswahili, Kikongo au lugha nyingine yoyote hakuzuii kitu, kwani wakalimani wapo. Mama akiuliza kwa uchungu, “Mwanangu, umefanya nini?” mtoto akajibu kwa ukweli wa moyo wake, ameshatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Ulizeni afya, dawa anazotumia, kama amekula, nani achukue watoto, mwajiri aambiwe nini, tarehe ya mahakama. Kisa cha kukamatwa kiachwe kwa wakili, ambaye mazungumzo yake na mteja yana ulinzi wa kisheria.

Wakili ndiye pia njia fupi ya kumfikia mtu. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1963, asiye na uwezo wa kulipa hupewa wakili wa umma katika kesi kubwa za jinai, na mwaka 1972 haki hiyo ikapanuliwa hadi makosa madogo yanayoishia kifungoni. Familia inaweza kupiga simu katika ofisi ya mawakili wa umma ya kaunti hata kabla ya shauri la kwanza na kutaja jina, namba na magonjwa ya ndugu yao; wakili ataingia jela siku ambayo ninyi hamruhusiwi. Kwa asiye raia, mwambieni wakili hali yake ya uhamiaji. Uamuzi wa mahakama hiyo hiyo wa mwaka 2010 unamtaka wakili wa jinai amweleze mteja kama kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini, na wapo waliokiri kosa dogo ili watoke haraka, kisha wakapoteza haki ya kuishi Marekani.

Ubalozi nao una nafasi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unampa raia wa kigeni haki ya kuambiwa kwamba anaweza kuomba ubalozi wake ujulishwe. Kwa raia wa Tanzania, polisi wa Marekani wanatakiwa kuuarifu ubalozi hata asipoomba, kwa sababu ya makubaliano kati ya nchi hizo. Kwa raia wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, taarifa hutolewa akitaka mwenyewe. Aliyekimbia serikali ya nchi yake ana kila sababu ya kufikiri kwanza, na maofisa hawaruhusiwi kuufichulia ubalozi kwamba mtu ameomba hifadhi.

Barua na ziara zina masharti ya kila jela, na masharti hayo hubadilika. Baadhi hupokea kadi za posta tu, nyingine huelekeza barua zitumwe kwenye anwani ya mbali zikapigwe picha, na vitabu mara nyingi hukubaliwa tu vikitoka moja kwa moja kwa mchapishaji au muuzaji. Ziara nyingi sasa ni za video, hata kwa mtu aliyefika hadi jengo lenyewe. Ziara ya ana kwa ana huhitaji kitambulisho cha serikali na mavazi ya staha kwa kipimo cha jela hiyo. Ndugu asiye na hati za kuishi nchini azungumze na wakili wa uhamiaji kabla ya kwenda mwenyewe. Anaweza kwenda mwingine kwa niaba yake. Fedha za kununulia sabuni, vyakula vidogo na karatasi huwekwa katika akaunti ya mahabusu, kwa namba yake.

Dhamana inastahili makala yake, ila kipengele kimoja kinahusu moja kwa moja kumpoteza mtu aliyekwisha kupatikana. Ukilipa dhamana yote taslimu, hurudishwa kesi ikiisha iwapo alihudhuria mahakamani, huku wakala wa dhamana, yaani mfanyabiashara anayemdhamini mtu kwa ada, akitoza kwa kawaida asilimia 10 ya dhamana hiyo, isiyorudishwa. Illinois iliachana na dhamana ya fedha Septemba 2023. Lakini kama ICE wameiomba jela imzuie mtu, jela inayokubali maombi hayo inaweza kumshikilia hadi saa 48 zaidi baada ya dhamana kulipwa, ili maofisa waje kumchukua. Familia imelipa, imesubiri mlangoni, na aliyetoka ametokea mlango mwingine, mikononi mwa ICE. Ulizeni jela, na wakili, kama kuna ombi la namna hiyo kabla hamjalipa senti. Na anayewapigia akidai fedha kwa kadi za zawadi ili ndugu yenu aachiwe leo ni tapeli, hata kama anayajua mashitaka yote, kwa kuwa mashitaka hayo yako wazi mtandaoni.

Jina likitoweka katika orodha, fuata njia ile ile aliyopita mtu. Piga kwanza jela iliyokuwa naye uulize kama aliachiwa au alikabidhiwa, kwa nani na saa ngapi, kwa sababu watu wengi huachiwa usiku wa manane, na simu zao zimezima. Kisha tafuta katika jela ya kaunti, halafu katika kaunti nyingine yoyote yenye hati ya kumkamata. Kwa magereza ya shirikisho kuna orodha ya wazi ya waliofungwa tangu mwaka 1982. Kwa ICE kuna mtambo wa kutafuta kwa namba ya uhamiaji yenye tarakimu 9 pamoja na nchi ya kuzaliwa, au kwa jina kamili na nchi hiyo. Nchi inayotakiwa ni ile iliyoandikwa kwenye hati zake: kijana wa Kikongo aliyezaliwa kambini Nyarugusu huenda ameandikwa Tanzania, na atakayemtafuta kwa Kongo ataambiwa hayupo. Jaribu nchi zote mbili, kila tahajia ya jina, na rudia kesho yake asubuhi, maana taarifa za aliyehamishwa huchelewa kuingia.